Mikono Tuliyoiosha kwa Ndimu

Mama yangu alikuwa na mkono wa kuponya vidonda. Kiegeani nzima, kijiji chetu, ilijua. Mtu akichanwa na kombe la chaza huko mwambani, akichomwa na mwiba wa samaki, akijikata kwa shoka akipasua kuni, haendi kwa mganga, anakuja uani kwetu. Mama atachuma ndimu kwenye mdimu uliokuwa nyuma ya jiko, aipashe kidogo kwenye majivu ya moto, amkamulie kidondani mpaka mtu amwite mamake na babake, kisha apake majivu ya vifuu. Siku mbili tatu, kidonda kimekauka. "Kidonda usikionee huruma," alikuwa akisema. "Ukikionea huruma kitakula mguu."

Nayasema haya mwanzo ili msije mkamhukumu kwa haraka. Nikishamaliza, anayetaka kuhukumu na ahukumu, lakini amjue kwanza ni nani anayemhukumu.

Ilikuwa enzi ya Mdachi. Mimi nilikuwa mke kijana, mume wangu baharia, akiondoka kaondoka, msimu mzima hana habari. Nilikaa na mama yangu na binti yangu mmoja, ambaye ndiyo kwanza ameacha ziwa. Mtoto yule alikuwa na vituko! Akipenda ndimu kama wenzake wanavyopenda halua. Anaokota ndimu iliyokamuliwa, anaifyonza, uso wote unajikunja, machozi yanamtoka, anatetemeka mabega, halafu anamnyooshea bibi yake mkono: "Tena." Mama anacheka mpaka anakaa chini. "Huyu mjukuu wangu ataolewa na mdimu," anasema.

Siku moja mbiu ikalia. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, basi tukatoka milangoni kusikiliza. Mpiga mbiu alikuwa mtu wa jumbe wetu, sauti yake ikisikika mpaka pwani. Akasema: "Sikieni! Kesho kutwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, waje barazani kwa jumbe wachanjwe. Asiyekuja, kiboko. Ni amri ya serikali!" Akapiga pembe yake, akaenda zake mtaa wa pili kusema yale yale.

Basi. Ndiyo mbiu yote hiyo. Tuchanjwe nini, kwa nini, na tukishachanjwa tufanyeje, hakuna. Watu wakaanza kujaza wenyewe pale palipoachwa patupu. Huyu anasema ni alama ya kodi ya kichwa, ili mtu asikane kichwa chake. Yule anasema damu yetu inapelekwa Ulaya. Wazee wachache wakamwendea jumbe kumwuliza, naye akawajibu, "Mimi nimeambiwa watu waje. Nanyi nawaambia mje." Jumbe wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupokea na kupitisha tu, kama mfereji.

Tukaenda. Nani anataka kiboko? Kwa ajili yetu sisi wanawake walitundika tanga kuukuu pembeni mwa baraza liwe pazia. Nyuma yake alikaa mchanjaji, na nilipomwona roho yangu ilitulia kidogo. Nilitegemea Mzungu. Kumbe ni mtu wa Mrima, pwani ya bara, Mwislamu mwenzetu, kanzu ndani, koti la serikali juu, na alipotuamkia Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu atatueleza.

Thubutu! Mtu yule alikuwa akifanya kazi kama anayefua nazi. Anakamata mkono, anaufuta, anachora kwa kisu kidogo juu ya bega, anapaka kitu chake kutoka kwenye kichupa, "Haya, mwingine." Mtoto analia, "Haya, mwingine." Askari amesimama kando na kiboko chake. Ilipofika zamu yetu binti yangu alimng'ang'ania mama shingoni, akachanjwa akiwa hapo hapo mapajani kwa bibi yake. Mimi nikamwuliza yule mtu, "Kaka yangu, hii ni dawa ya nini?"

"Ya ndui," akasema, hata hakuinua macho.

"Na tukifika nyumbani, tumfanyeje mtoto?"

Askari akakichapa kiboko kwenye nguzo ya baraza, pa! "Mwingine!"

Nikainuka. Mpaka leo nikikumbuka ile pa ya kiboko nguzoni, damu inanichemka. Niliuliza, jamani. Wallahi niliuliza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mama yangu hakuwa mjinga. Njia nzima alikuwa akifikiri, na tulipofika nyumbani alikuwa amekwisha kata shauri. Akasema, "Dawa yao imekwisha ingia ndani. Hiyo ni ya kwao, siijui, siwezi kuiingilia. Lakini kilichobaki juu ya ngozi ni kidonda, na kidonda nakijua. Tena kisu kimoja kimepita kwa watu wote wale! Mungu apishe mbali." Nani angepinga maneno hayo? Mimi mpaka leo nayasikia kuwa maneno ya mtu mwenye akili. Akapasha ndimu, akamkamulia binti yangu begani, akamsugua, akampaka majivu. Mtoto alilia kidogo, kisha akageuza shingo akaanza kulamba maji ya ndimu yaliyomchirizika mkononi. Tukacheka sote.

Wanawake wenzetu hawakungoja kuitwa. Walitoka kwenye mstari wa serikali wakaja moja kwa moja kwenye mstari wa mama, watoto mgongoni, bado wana kwikwi. Uani kwetu palijaa mpaka wengine wakangojea nje ya ua. Mama alikamua ndimu mpaka vidole vikamwasha, wala hakupokea hata kipande cha papa kwa mtu. Jioni mdimu ulibaki majani matupu.

Baada ya siku chache mikono yote ilikuwa safi, laini, huoni hata alama. Watu wakamwombea dua mama yangu.

Katika watoto, mkono mmoja tu haukuwa safi, nao ulikuwa wa mtoto wa jirani yetu. Jirani huyu alikuwa mtumwa kwenye shamba la minazi la Mwarabu mmoja. Siku ile aliruhusiwa aje achanjwe yeye na mwanawe, kisha arudi mbio kufua nazi. Uani kwetu hakupita, atapitaje? Basi mkono wa mwanawe ukavimba, ukatunga usaha, ukafanya kigaga cheusi. Na wa mamake vile vile. Loo, tulivyowasema! Wanawake kisimani walimzibia mtoto wa watu pua hivi. Mama yangu siku moja alimsimamisha njiani.

"Mwanamke wewe, mtoto anakuoza mkono na wewe unamtazama? Huna hata ndimu moja?"

"Shikamoo, mama mkubwa," yule jirani akasema, kainama.

"Marahaba. Nakuuliza, huna ndimu?"

"Nikitoka shamba jua limekuchwa, mama. Nachoka. Nasema nitamwosha kesho, na kesho ndiyo hiyo hiyo."

Mama akaguna, akampa ndimu mbili alizokuwa nazo kwenye ncha ya leso. Mtoto kuziona tu, alikimbilia mikokoni, hakuonekana mpaka magharibi. Ikawa kichekesho cha mtaa. Mvivu na mwanawe, tukasema, hata ndimu ya bure inawashinda.

Mchanjaji naye alikuwa amekwisha ondoka zamani, kaenda Miburani na kwingineko. Kwake yeye na kwa wakubwa wake, Kiegeani ilikuwa imechanjwa, kazi imekwisha. Hakuna aliyerudi kutazama.

Ndui ilianza kusikika kutoka Bweni, kule kaskazini walikojenga ule mnara wenye taa. Watu wa Bweni walikuwa wanakufa, habari zikaja na wachuuzi wa samaki. Zamani habari kama hiyo ingetukimbiza mashambani usiku huo huo. Safari hii hatukukimbia. Tulichanjwa sisi! Tulijigamba, astaghfirullah, tulijigamba kisimani. Mama akatoa sadaka ya uji kwa watoto wa chuo cha Kurani, kisomo kikasomwa mtaa hadi mtaa, tukalala.

Binti yangu akaamka na homa. Nikasema ni jino. Homa ikapanda, mgongo ukawa unamuuma, hataki kubebwa. Nikasema ni mchafuko wa tumbo. Siku vipele vilipotoka usoni nikasema ni vya joto, na mama yangu akasogeza taa ya kibatari karibu na uso wa mtoto. Nikamwambia, "Mama, si ndui. Haiwezi kuwa ndui. Huyu amechanjwa! Ulimpakata mwenyewe!"

Mama akasema, "Nilimpakata mwenyewe." Akaweka taa chini.

Nataka mnielewe. Msiba naujua. Baba yangu alikufa maji, wadogo zangu wawili walikufa wachanga. Lakini kuna kufiwa, na kuna kukaa umeshika kinga ya mvua mkononi huku unalowa. Nilikuwa nikimshika bega lile lililochanjwa, nalitazama, nasema, si hapa ilipopita dawa? Si hapa? Iko wapi sasa? Nilikuwa kama mtu aliyefunga mlango kwa komeo, akageuka akamkuta mwizi ameketi kitandani.

Tulimlaza kwenye majani ya mgomba, maana mkeka ulikuwa unamgandama. Siku ya mwisho akiwa na akili zake aliomba ndimu. Alisema, "Bibi, ndimu." Mama akakimbia nje, akapata moja changa, akaikamulia kwenye kata ya maji, akatia asali, akampa kwa kijiko. Kinywa chake kilikuwa kimejaa vidonda. Alipiga ukelele ambao sitausahau mpaka kaburini, akamtazama bibi yake kwa mshangao, kama anayeuliza, hata wewe? Mama aliitupa ile kata ukutani.

Watu wote walitukimbia, nao si wa kulaumiwa, kwao pia kulikuwa na wagonjwa. Aliyekuja ni jirani yetu, yule yule mvivu. Shambani kazi ilikuwa imesimama, Mwarabu wake kajifungia. Alituletea maji, akafua matambara, akampepea mtoto. Mwanawe akawa anamngoja mlangoni, mzima wa afya, anachezea kumbi la nazi. Nilikuwa namtazama yule mtoto. Nilimwonea gere, nalisema wazi. Nilisema, ya Rabi, huyu hata kuogeshwa haogeshwi! Kwa nini wangu?

Binti yangu alikufa alasiri. Wengine walimfuata, na jinsi habari za vifo zilivyokuwa zikija nyumba kwa nyumba, mama alikuwa akitaja: yule alikuja uani, yule naye alikuja uani. Alitaja tu, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Mimi wakati huo sikuelewa anatafuta nini. Nadhani naye alikuwa hajaelewa.

Ndui ilipopoa, mchanjaji akarudi. Jumbe akatuita barazani, safari hii bila pazia na bila pembe, maana tuliobaki tulikuwa tunaenea pale pale. Mchanjaji alikuwa amekonda. Akasema anataka kuona mabega. Akapita mtu kwa mtu, na kila akitazama bega anakunja uso. Akamfikia mtoto wa jirani. Akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Kwenye bega palikuwa na kovu la mviringo, limezama kidogo.

"Huyu imemshika," akasema. "Na mamake pia. Hawa ndio waliochanjwa. Hawa wengine, mbona hakuna kitu? Mlifanya nini?"

Mama yangu akajibu. Nani mwingine angejibu? Akajibu kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya mtu anayeeleza kazi yake. "Tuliosha, mwanangu. Siku ile ile. Kwa ndimu na majivu."

Yule mtu akapaaza sauti, nadhani kwa hofu zaidi kuliko kwa hasira: "Mliosha! Ndiyo dawa yenyewe mliyoiosha! Lazima kivimbe, lazima kitunge usaha, ndivyo inavyofanya kazi! Nani alikuambia uoshe?"

Mama akamtazama. "Nani aliniambia nisioshe?"

Nikaona uso wa mama ukibadilika, polepole, kama kitambaa kinavyolowa, na nikajua kile alichokuwa akikitafuta kwenye yale majina amekipata. Akapepesuka. Jirani yetu akamdaka.

Hapo mimi nikapandisha mori. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na siku ile sikuwa na jumbe wala serikali. Nikasema, "Nilikuuliza! Hapa hapa, nyuma ya tanga, nilikuuliza tumfanyeje mtoto nyumbani! Kiboko mlikuwa nacho, pembe mlikuwa nayo, kisu mlikuwa nacho. Ulimi mliuacha wapi?"

Mchanjaji akainamisha kichwa. "Niliagizwa nichanje, dada," akasema. "Kusema sikuagizwa."

Ebo! Mnasikia? Kusema hakuagizwa! Wameweka taa kule Bweni, inawaka usiku kucha, ili nahodha mgeni ambaye hata hawamjui asipande mwamba. Chombo kinaonywa. Sisi tunachapwa viboko tuje, halafu tunaachwa tugonge mwamba na watoto wetu mikononi.

Jumbe akataka kunituliza. Akasema, na nadhani alisema kwa wema, "Mama, hawa wakubwa wa boma waliona hatutaelewa. Si wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana?"

Nikamwambia, "Na atajuaje asipoambiwa? Mwanangu amekufa kwa methali yako hiyo, mzee. Iache leo."

Watu wengine wangepata viboko kwa maneno hayo. Jumbe alichora chini kwa bakora. Yeye naye alikuwa amezika mjukuu, na mjukuu yule alikuja uani kwetu. Mwishowe akamgeukia mchanjaji. "Hao wakubwa wako niachie mimi," akasema. "Utawachanja tena watu wangu, na kabla hujashika kisu, mbiu itasema. Itasema yote. Niambie maneno yenyewe, niambie mbele ya mama huyu, na kama hajaelewa yeye, utasema tena."

Mchanjaji akayasema. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mpiga mbiu akayakariri palepale, midomo ikicheza. Mwalimu wa chuo akasema atayatangaza msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na jirani yetu akaambiwa aende nyumba kwa nyumba na mwanawe, awaonyeshe wanawake lile kovu, wajue kidonda kizuri kinafananaje. Mwanamke tuliyemcheka kisimani ndiye akawa anapokewa kwa mkeka. Baadaye tulisikia hata vijiji vingine mbiu yao imebadilika, boma limekubali.

Mama hakuwapo wakati maneno yale yakikaririwa. Jirani alikuwa amekwisha mrudisha nyumbani. Tangu siku ile alikuwa mtu wa kuketi. Mdimu uliangusha ndimu zake zikaozea chini, hakuna aliyeinama kuokota, na waliokuja na vidonda aliwatazama tu mpaka wakaondoka.

Asubuhi mbiu ilipopita mtaani kwetu alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Pembe ikalia, sauti ikafuata: "Sikieni! Mtachanjwa ndui. Mtoto akishachanjwa msimwoshe pale, msipake kitu. Kitavimba, kitatunga usaha. Kiacheni mpaka kigaga kidondoke chenyewe. Hicho ndicho kinachomkinga mtoto!"

Mkono wa mama ukasimama juu ya nazi. Akainuka, akaenda mlangoni, nazi bado imemganda vidoleni. "Mwanangu," akamwita mpiga mbiu, "hebu rudia."

Akarudia.

"Endelea."

"Yamekwisha, bibi," akasema mpiga mbiu. "Ndiyo yote."

Mama akasimama pale kizingitini, midomo yake ikiyarudia yale maneno mwanzo hadi mwisho, nayo hayakumaliza hata pumzi moja. Kisha akanigeukia.

"Ni hayo tu?" akaniuliza.